Kompyuta ya nyumbani imechoka, nataka kuibadilisha: ninunue ipi?

#1 Mwalimu wa Moro (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naombeni ushauri kabla sijapanda treni kwenda Kariakoo. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, prosesa ya Core i3-3220, RAM 4GB, hadi diski (hard disk) ya 500GB, Windows 10. Imetusaidia sana lakini sasa imefika mwisho. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai. Nikifungua Excel ya matokeo ya wanafunzi huku kivinjari kikiwa wazi, inaganda. Umeme ukikatika na kurudi, saa yake inarudi nyuma hadi 2012, halafu kila tovuti inagoma kufunguka na kutoa onyo la usalama. Juu ya hayo, inaandika kwamba Windows 10 haihudumiwi tena.

Watumiaji ni wanne. Mimi naandaa mitihani, maazimio ya kazi na alama. Mke wangu anatunza hesabu za duka. Binti yuko Form Three na ameanza kujifunza Python (lugha ya kuandikia programu) mwenyewe, jambo ambalo sitaki limfie mikononi kwa sababu ya mashine. Mdogo yuko darasa la tano. Magemu makubwa hatuchezi, video hatuhariri.

Bajeti ni laki nane, nikijibana sana laki tisa na nusu. Kioo cha inchi 19 chenye VGA bado kizima, printa pia. Dukani hapa mjini nimeambiwa nichukue laptopu mpya ya boksi, Celeron, RAM 4GB, hifadhi 64GB, yenye waranti ya mwaka. Jirani yangu anasema nichukue ya mezani ya mtumba. Nataka kitu kitakachokaa miaka mitano bila kunitia aibu. Nani nimsikilize?

#2 Kijana wa Tanga

Laptopu, mkuu. Umeme wenyewe ndio huu, ukikatika laptopu inaendelea. Ya mezani itakuua kwa presha.

#3 Fundi Msimbazi

Mwalimu, msikilize jirani. Nitaandika kirefu kwa sababu hili la laptopu ya boksi linaniumiza. Kila msimu naletewa hizo mashine na wazazi waliojinyima, na ninachoweza kuwafanyia ni kidogo mno. RAM ya 4GB imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Ile 64GB ni eMMC, yaani hifadhi ya chipu, nayo imechomelewa. Windows 11 ikishakaa mle na masasisho yake, nafasi inayobaki haitoshi hata sasisho kubwa linalofuata, kwa hiyo inaanza kulalamika imejaa kabla mtoto hajaweka chochote. Prosesa ya Celeron kama N4020 ina viini (cores) viwili tu vya kufanyia kazi. Waranti ya mwaka haiponyi hata kimoja kati ya hivyo, maana hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa hizi za mtumba. Ofisi, benki na vyuo vya Ulaya hubadilisha kompyuta kwa ratiba, si kwa sababu zimeharibika. Zinazotufikia kwa wingi ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre. Zimetengenezwa ili fundi wa ofisi azifungue haraka: nyingi hazihitaji hata bisibisi. RAM inatoka, diski inatoka, feni inasafishika. Hicho ndicho kinachoifanya mashine ikae miaka mitano kwetu, si stika ya "mpya".

Lakini si kila mtumba. Mstari wa kukata ni kizazi cha nane cha Intel, usishuke hapo. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga wakati wa kuwaka), na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane, kwa AMD inaanzia Ryzen za 2000. Kusoma kizazi ni rahisi. Katika i5-8500, tarakimu inayofuata mstari ni 8, hicho ni kizazi cha nane. i5-10500 ni cha kumi. Yako, i3-3220, ni cha tatu na ni ya 2012.

Ndiyo maana winga (dalali) akikwambia "hii ni i7, mzee" halafu akanyamaza, mwulize namba kamili. i7-3770 ina umri sawa na hiyo uliyonayo nyumbani, na Windows 11 haiitaki. i3-8100 ya bei ndogo inakubaliwa bila maneno. Na kuna faida ya kweli kuanzia hapo: i5-7500 ina viini vinne, i5-8500 ina sita. Ni hatua kubwa kwa kizazi kimoja.

Kwa majina ya kutafuta: OptiPlex 3060, 5060 au 7060. EliteDesk 800 G4 au ProDesk 600 G4. ThinkCentre M720 au M920. Ukikuta OptiPlex 3050 au EliteDesk 800 G3, hizo ni kizazi cha sita na cha saba. Muuzaji atakuonyesha zina Windows 11 na zinawaka vizuri. Ni kweli zinawaka, kwa sababu programu kama Rufus inaweza kuruka ukaguzi wakati wa kusimika. Ila Microsoft haijaahidi kuendelea kuzihudumia mashine za namna hiyo, na wewe unataka miaka mitano.

Hifadhi iwe SSD, yaani ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, tena bila mjadala. Hadi diski ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa na afya, na ikibidi irukeruke kutafuta mafaili madogo inashuka vibaya sana. Huko ndiko unakochemshia chai. SSD ya SATA inafika kama 550, na haina kichwa cha kuruka huku na huko. Ile bapa ya NVMe ni zaidi ya hapo mara kadhaa, lakini kwa kazi zako tofauti kati ya SATA na NVMe hutaisikia sana. Tofauti kati ya hadi diski na SSD yoyote utaisikia siku ya kwanza. 256GB inatosha kuanzia.

RAM chukua 16GB, na ikiwezekana iwemo tayari unaponunua. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Micron, watengenezaji wa RAM, wenyewe walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha biashara ya Crucial, chapa yao kwa wateja wa kawaida. Zamani nilikuwa nawaambia watu "chukua 8 utaongeza baadaye". Siku hizi sisemi hivyo.

Na hiyo saa kurudi 2012 ni betri ya CR2032 kwenye bodi, imekufa. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini tuko 2012, inaona cheti hakijaanza kazi, inakataa. Betri hiyo ni bei ya soda chache tu. Badilisha leo, hata kama unanunua nyingine kesho, kwa sababu mafaili yako bado yamo humo.

#4 Mwalimu wa Moro

Fundi, ubarikiwe. Sijawahi kuelezwa namba za prosesa zikaniingia hivi. Swali: nikifika dukani nikague nini? Wengine wanabandika stika ya i7 juu ya i3, nimeyasikia hayo.

#5 Fundi Msimbazi

Stika usiiangalie kabisa. Mashine iwashwe, iunganishwe na kioo, na wewe ukae kwenye kibodi.

Kwanza bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye utendaji (Performance). Hapo jina la prosesa, RAM na aina ya diski vinasomeka vilivyo. Acha wazi kwa muda. Ikiwa haifanyi kazi yoyote na prosesa inakaa juu huku feni ikipiga kelele, kuna vumbi limejaa au pasta ya kupozea prosesa imekauka. Hilo linatengenezeka, lakini lipunguze bei.

Pili, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /dlv. Itafunguka karatasi ndogo ya maelezo ya leseni. Ukikuta neno VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni leseni ya shirika inayotegemea seva, na kwenye mashine ya dukani maana yake karibu siku zote ni kwamba imechakachuliwa. Programu za kuchakachua Windows ndizo zinazoleta virusi nyumbani kwa watu. Mashine hizi za ofisi nyingi zina leseni yake halali ndani ya bodi. Windows ikisimikwa upya, toleo lilelile, inajitambua yenyewe. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukubali iliyochakachuliwa.

Tatu, na hili ndilo watu wengi wanalizwa nalo. Mwambie muuzaji aifute na kuanza upya Windows mbele yako ikiwa na intaneti. Tumia hata simu yako kwa bando. Ikifika hatua ya kuingia, ikiandika jina la kampuni fulani ya huko ilikotoka na kudai barua pepe ya kazi, usiinunue. Mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Muuzaji atasema "zima intaneti, itapita." Itapita leo. Siku utakayoifuta tena nyumbani itakudai, na hutakuwa na wa kumpigia.

Nne, zima, washa, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya bodi) kwa kubonyeza kitufe wakati inawaka: Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha.

Tano, afya ya SSD. Beba programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi. Inakupa asilimia ya afya na saa ambazo diski imewaka. Wauzaji wengine huchukua mashine nzuri wakatia SSD ya ovyo ndani yake.

Halafu chomeka flashi kwenye matundu yote ya USB, moja baada ya jingine. Linachosha lakini fanya. Dai risiti ya kielektroniki (EFD) yenye namba ya mashine, na waranti iandikwe kwenye karatasi, si kwa mdomo.

#6 Mtanzania Sharjah

Niongeze kutoka huku ambako mizigo mingi inapita. Mashine zinauzwa kwa palati, zimepangwa daraja A, B na C. Muuzaji akikwambia "hii ni daraja A" elewa kwamba daraja linahusu zaidi sura: mikwaruzo, kutoboka, rangi. Halikwambii betri imechoka kiasi gani au diski imewaka saa ngapi. Kwa hiyo aliyoyasema fundi yafanye hata kwa ile inayong'aa.

Jingine, angalia ilikotoka. Za Uingereza plagi yake ni ile ile ya pini tatu bapa tunayotumia nyumbani. Za Marekani, kama ni ya mezani ya zamani, tazama nyuma kwenye pawa saplai kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwetu, unaiunguza hapo hapo. Mashine za kizazi cha nane nyingi zinajirekebisha zenyewe, lakini soma maandishi: yawe 100 hadi 240.

Na kwa wanaonunua laptopu: za Ujerumani zina Z na Y zimebadilishana nafasi kwenye kibodi, za Ufaransa A na Q. Zinabandikwa stika za herufi juu yake. Stika zinachakaa, vidole vya mtoto vinachanganyikiwa.

#7 Kijana wa Tanga

Bado sijajibiwa hoja ya umeme. Fundi anasifia za mezani kama vile TZ umeme haukatiki.

#8 Fundi Msimbazi

Hoja yako ni ya haki, ndugu yangu, na kwa mtu anayehamahama au anayekaa chuo ningempa laptopu mara moja. Lakini fikiria nyumba ya mwalimu: kioo kipo, printa ipo, watumiaji ni wanne, mmoja ni wa darasa la tano. Laptopu moja ya watu wanne inabebwa kitandani, inaangushwa, bawaba zinavunjika, chaja inakatika shingoni. Na laptopu ya mtumba inakuja na betri iliyochoka. Utashangaa ngapi zinazima dakika chache baada ya umeme kuondoka.

Kwa ya mezani nunua UPS (boksi la betri ya akiba), hata ya 650VA. OptiPlex ndogo ya i5 ikifanya kazi za Word na kivinjari, pamoja na kioo cha LED, inakula takribani wati 60. UPS hiyo inakupa muda wa kuhifadhi kazi, kufunga kila kitu na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri. Ikipasha joto inavuta umeme mwingi ghafla na kuiua UPS. Na betri ya ndani ya UPS ijue itataka kubadilishwa baada ya miaka michache.

Kwa matumizi: wati 60 kwa saa tano ni uniti 0.3 kwa siku, yaani uniti 9 kwa mwezi. Si mzigo. Ukitaka chini zaidi, kuna zile ndogo kabisa, OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Zinatumia adapta ya nje kama ya laptopu, nyingi 65W. Adapta ikifa unanunua nyingine. Kwenye hizo za kati, pawa saplai ni ya umbo la kampuni yenyewe, huwezi kutia ya kawaida ya dukani. Ukikuta fundi amelazimisha ya kawaida ikaning'inia nje, ondoka.

#9 Nairobi Mjini

Hapa kwetu mambo ni yale yale, tofauti ni mtaa tu: watu wanaenda Luthuli. Kuna mambo mawili mwalimu ayaweke akilini, maana hayamo kwenye bei anayotajiwa.

Mashine nyingi za ofisi hazina waifai. Ofisini zilikuwa zinatumia kebo. Uliza, na kama haina, nunua ile ya kuchomeka USB. Usigundue ukiwa umeshafika nyumbani. Kamera na maikrofoni pia hazina, kwa hiyo kama kuna masomo ya mtandaoni weka pesa ya kando.

La pili ni hicho kioo cha VGA. OptiPlex na EliteDesk za miaka hiyo mara nyingi zinatoa DisplayPort. DisplayPort ni dijitali, VGA ni analojia, kwa hiyo inahitajika adapta yenye chipu ndani ya kubadilisha. Usichukue kitu kwa kuangalia umbo la ncha zake tu. Ijaribu na kioo cha dukani chenye VGA kabla ya kulipa.

#10 Binti wa UDOM

Samahani mwalimu kwa kuingilia uzi wako. Fundi, mimi ni mwanafunzi wa chuo, nahitaji laptopu kwa bajeti kama hiyo hiyo. Na rafiki yangu anauza iMac ya Intel kwa bei nzuri, inavutia sana. Nifanyeje?

#11 Fundi Msimbazi

Dada, iMac ya Intel iache. Apple walitangaza 2025 kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel, na si Intel zote zinazolipata hata hilo. Mac ya kununua sasa ni ya chipu ya Apple ya M1 kuendelea, ile iliyoanza Novemba 2020.

Kwa laptopu tafuta ThinkPad T480, Latitude 5490 au 7490, EliteBook 840 G5. Nyingi ni za kizazi cha nane, na RAM ya zote inabadilishika. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa nje, hiyo ni neema kwa mwanafunzi. Tahadhari moja: baadhi yake zilitoka pia na prosesa ya kizazi cha saba, kwa hiyo isome prosesa, usiliamini jina la mashine peke yake. Dukani fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti. Linganisha uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Ikiwa imebaki nusu, dai punguzo au betri nyingine.

#12 Mkaazi wa Unguja

Assalaam aleikum ndugu zangu. Sisi wa visiwani tuna adui mwengine ambaye hamjamtaja: hewa ya chumvi. Skuli yetu iko karibu na pwani na kompyuta zinakula kutu kwenye matundu ya USB na kwenye meno ya RAM. Mara nyingi mashine "imekufa", haiwaki, inapiga milio tu, kumbe ni RAM. Zima, chomoa umeme, toa RAM, futa yale meno ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli taratibu, puliza, rudisha. Inawaka. Kwa anaenunua na kukaa pwani, chungulia ndani kabla ya kulipa. Ukiona kijani kijani kwenye shaba, hiyo imeshakaa na chumvi.

Pia mwalimu, hiyo i3 yako usiitupe. Tulizo nazo za umri huo tumezitia SSD na Linux Mint (mfumo wa kutumia badala ya Windows), na watoto wanasomea.

#13 Mwalimu wa Moro

Aleikum salaam. Nimenakili yote haya kwenye daftari. Swali la mwisho kabla ya safari: nikikosa nafasi ya kusafiri hadi mwezi ujao, kuendelea na Windows 10 ni hatari kiasi gani? Mke wangu analipa wauzaji wa jumla kwa benki ya mtandaoni humo humo.

#14 Fundi Msimbazi

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini Microsoft walifungua mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Unajiunga ndani ya mipangilio ya masasisho. Ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, hulipi. Kwa hiyo huna haja ya kununua kwa pupa. Jiunge leo, ununue vizuri mwezi ujao. Mambo ya benki, kwa muda huu, shemeji afanyie kwenye simu.

#15 Mwalimu wa Moro

MREJESHO

Wakuu, nimekwenda na nimerudi. Nashukuru kila aliyeandika humu, maana bila uzi huu ningelizwa mchana kweupe.

Duka la kwanza nililoingia walinitolea EliteDesk safi kabisa, inang'aa. Namba sawa, prosesa sawa, kijana wa dukani mwema. Nikamwomba aifute kwa intaneti ya simu yangu. Akasita, lakini akafanya. Ilipomaliza, kikatokea kioo cheupe chenye jina la kampuni nisiyoijua, kinadai barua pepe ya kazi na nywila. Kijana akachomoa intaneti haraka na kuniambia hiyo ni kawaida. Nikamshukuru, nikatoka.

Duka la pili, OptiPlex 5060 ya umbo la kati, i5-8500, RAM 16GB, SSD 256GB. Ilipofutwa ilifika mwisho bila kudai jina la mtu. Leseni ilijitambua yenyewe. CrystalDiskInfo ilisoma afya asilimia 94. Tundu moja la USB la mbele lililegea, nikalionyesha, bei ikashuka. Waifai haikuwa nayo, kama ndugu wa Nairobi alivyosema. Nikachukua ya kuchomeka, adapta ya DisplayPort kwenda VGA iliyojaribiwa pale pale, na UPS ya 650VA. Vyote vimeingia ndani ya ile laki tisa na nusu. Risiti ninayo, waranti ya miezi sita imeandikwa.

Nyumbani inawaka kabla hujavuta kiti. Binti amesimika Python mwenyewe na tayari ameandika programu ya kupanga alama za darasa langu kwa madaraja. Nilisimama nyuma yake nikiangalia zile safu zinavyojipanga, nikafurahi sana.

Sasa nahamishaje mafaili? Na ile ya zamani niifanye nini?

#16 Fundi Msimbazi

Hongera mwalimu, umenunua kitu. Tundu lililolegea usilitumie kwa flashi, weka hapo mausi.

Mafaili: zima ya zamani, chomoa hadi diski, nunua kebo ya kubadilisha SATA kwenda USB 3.0. Ikiwa hadi diski ni ile kubwa ya inchi 3.5, hakikisha kebo inakuja na adapta yake ya umeme, kwa sababu USB peke yake haiizungushi. Chomeka kwenye OptiPlex, nakili folda za watumiaji, picha na hesabu za duka. Windows ikikwambia huna ruhusa ya kufungua folda, kubali kuendelea, itachukua muda kidogo kisha itafunguka. Ukimaliza, fungua mafaili kadhaa uhakikishe yanasomeka. Hadi diski yenyewe usiifute, iweke kabatini kama nakala ya pili.

Kingine cha kufanya leo hii: kama umeingia na akaunti ya Microsoft, huenda Windows 11 imeifunga SSD yako kwa BitLocker (kufuli la Windows la mafaili) bila kukuuliza. Ni kinga nzuri, lakini kuna ufunguo wa tarakimu 48. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ile ile, uuchapishe kwa hiyo printa, uuweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Siku bodi ikileta shida, mafaili ya SSD hiyo hayafunguki bila huo ufunguo.

Tengeneza akaunti nne, kila mtu na yake. Za watoto ziwe za kawaida zisizo na mamlaka ya kusimika programu. Binti wa Python utaamua mwenyewe na mama yake.

#17 Mkaazi wa Unguja

Na ile i3, mwalimu, itie betri mpya ya CR2032, SSD ndogo ya 120GB na RAM ya DDR3 ifike 8GB. DDR3 chukua ya mtumba kwa fundi. Usinunue DDR4, haiingii, tundu lake ni jengine. Sakinisha Linux Mint 22, inahudumiwa hadi 2029, ina LibreOffice (mfano wa Word na Excel) ndani yake na haidai leseni. Itakuwa ya mdogo wa darasa la tano. Kama printa yenu ni ya zamani ijaribu kwa Mint ya kwenye flashi kwanza, kabla ya kusimika. Ikichapa hapo, itachapa na baadae.

#18 Mwalimu wa Moro

Ufunguo wa BitLocker nimeukuta, nimeuchapisha. Kebo ya SATA yenye adapta naiulizia kesho hapa mjini. Fundi, hiyo UPS niichaji saa ngapi kabla ya kuitumia mara ya kwanza?

#19 Fundi Msimbazi

Iache kwenye umeme usiku mzima ikiwa haina mzigo. Asubuhi chomeka kompyuta na kioo, washa, halafu zima swichi ya ukutani makusudi ukiwa umekaa hapo. Hesabu dakika ngapi inashika kabla ya kuanza kulia kwa kasi. Muda huo uwaambie wote wanne.